Geti la Nyumba ya Bibi

Mjukuu wangu Baraka,

Hapa mjini DeSoto hatujambo. Mama yako yuko zamu hospitalini. Umeniuliza kutoka Houston, nyumba unayonichorea iwe na geti la namna gani.

Nilipokuwa msichana nikisoma Ufaransa, tulitembelea ngome ya kale iliyozungukwa na handaki la maji. Nilisimama darajani nikapiga hodi. Wenzangu wakacheka, nikarudia kwa sauti zaidi. Mlinzi akatueleza kwamba zamani daraja liliinuliwa kwa minyororo, na kuta zilikuwa na matundu ya mishale tu. Hofu ya maadui ilipowatoka, wenye ngome wakajenga daraja la mawe, wakatoboa madirisha makubwa juu ya maji.

Geti weka, mjukuu wangu. Ila nikiwa jikoni, nimsikie anayepiga hodi.

Bibi yako