Mama Minza na Mpaka wa Malisho

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimesafisha chini ya mikorosho peke yangu tena. Mke wangu Somoe alikuwa kwa Mama Minza, yule Msukuma. Kaenda na mihogo, karudi na mtindi. Tangu watoto waondoke, huku pembeni mwa kijiji cha Kiegei tulikuwa mimi na yeye tu. Sasa wafugaji wamehamia ng'ambo ya korongo na mke wangu kapata shoga. Nina wivu. Namwonea wivu mwanamke, aibu iliyoje.

Alhamisi, 10 Oktoba
Somoe kanisimulia habari za ng'ombe wa kina Mama Minza aliyezaa. Anamjua kwa jina. Mtindi sikuugusa.

Jumapili, 13 Oktoba
Karudi jua linazama, kasukwa nywele. Zimempendeza mno. Nikamwambia zimemzeesha.

Jumatano, 16 Oktoba
Kamati ya ardhi ya kijiji imekuja kutenga mashamba na malisho. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huku, ni mbali na hakuna watu. Mwenyeji ni mimi, hivyo mimi ndiye wa kuonyesha. "Mzee, mashamba yanaishia wapi?"

Yanaishia korongoni, najua. Nikawaonyesha kilima cha mbali, kule upande wa Ruangwa. Wakapaka mawe rangi. Kwa Mama Minza pakaangukia ndani ya mashamba, lazima wahame. Sijutii. Nimekula vizuri.

Jumatatu, 21 Oktoba
Wamehama. Ng'ombe, mbwa, masufuria, vyote nyuma ya kilima. Kutembea mpaka huko ni nusu siku nzima. Somoe kawasindikiza hadi korongoni, karudi, kalala bila kula. Atazoea.

Ijumaa, 25 Oktoba
Asubuhi kafunga mihogo, na kanga ya kulalia. Nikamwambia ni mbali, giza litamkuta njiani.

"Najua ni mbali, Baba Asha. Ndiyo maana nitalala hukohuko. Nitarudi Jumapili. Unga upo, mboga nimekuachia."

Alipokuwa na shoga hapo ng'ambo, kila jioni alirudi kwangu. Umbali huu nimeuweka mwenyewe.

Jumamosi, 26 Oktoba
Nimefagia uwanja. Nimepika ugali, umetoka na madonge, nimeula hivyohivyo. Tangu asubuhi sijasema neno na mtu. Hakuna anayepita huku.