Mama Mkwe Amehamia Uani

Jumapili, Kwashemshi. Ukungu umeganda mlangoni tangu alfajiri, nepi hazikauki, nami niko hoi.

Mafua yaliletwa na mume wangu kutoka gulioni Korogwe. Kwa baridi hii madirisha yote yamefungwa. Akipiga chafya moja, tunagawana sote. Mimi ni wa Handeni, nimezoea jua na upepo. Huku nikifungua dirisha, nikigeuka mtu keshalifunga. Siku chache tu, mama mkwe naye akaanza kukohoa, kile kikohozi cha kifuani.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Tangu nijifungue, mama analala nami chumbani, ndiyo desturi. Ndiye anayemwogesha Shani, ndiye anayemkanda. Na Shani wangu ni mtoto njiti, bado mdogo mno. Muuguzi alinisisitizia sana: anayekohoa asimsogelee.

Nikamwambia. Nilijikaza nikasema: "Mama, naomba ulale chumba cha uani mpaka upone."

Alikunja mkeka wake akatoka.

Weee! Jioni hiyohiyo wifi akanipigia simu, eti nimemfukuza mama yao, sina hata haya. Mume wangu akajifunika blanketi, kama hayupo. Nikabaki siku kadhaa na mtoto, nepi na kuni, peke yangu. Nililia jikoni nikasingizia moshi.

Leo nimeamka koo linawaka. Kufika mchana nakohoa kuliko wote, na mume bado hajapona. Mzima ni mmoja tu nyumba hii, yule niliyemtoa; kikohozi chake kimekwisha.

Nikajifunga kanga mdomoni, nikambeba Shani hadi uani. Nilitaka kuomba radhi, kikohozi kikanikaba. Mama akampokea mtoto, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza weee.

"Anapumua vizuri," akasema. "Nitakuwa nakuletea anyonye, na kanga usiitoe. Nenda kalale, mwanangu."

Kisha, bila kuniangalia: "Wangu wa kwanza alikufa kwa kikohozi. Mama mkwe wangu alikuwa anakohoa, tunalala chumba kimoja. Niliona haya kumwambia atoke."

Nilirudi chumbani. Miaka yote hii naishi humu, sikujua kama mume wangu alitanguliwa na mtoto mwingine. Hakuna aliyewahi kumtaja.

Hata jina lake sikuuliza. Kesho nitauliza.