Namba za Chaki Kwenye Madawati

Shoga, nimejifungia stoo ya shule na mafagio yangu. Nakuandikia kwa simu.

Matokeo ya mtihani wa taifa yametoka. Yule binti anayeongoza darasa siku zote kashika mkia. Yule mtoro kawa wa kwanza!

Baba wa binti akamkaba mwalimu tai, akambamiza ukutani. Akambamiza tena. Damu puani! "Umeuza alama za mwanangu! Umeuza!" Mwalimu anakoroma tu, "Mzee wangu, sijui."

Mimi najua, shoga. Asubuhi ya mtihani nilipangusa madawati, nikafuta kwa bahati mbaya namba za mtihani za wanafunzi zilizoandikwa kwa chaki. Nikaona aibu kusema, nikaziandika upya kwa kukumbuka. Yule binti na yule mtoro nikawabadilishia. Kila mmoja akajaza namba ya mwenzake.

Nikasema. Mimi, ambaye hata hodi napiga kwa kunong'ona! "Mwache, baba. Ni mimi."

Akamwacha kweli.

Sasa anaupiga mlango mateke. "Toka, mfagiaji! Umemfagia mwanangu!" Bawaba ya juu imeshang'oka.

Waite kaka zangu. Nisipojibu tena, wewe waambie wakubwa: wa kwanza ni yule binti.