Mtamba wa Sadia na Memori ya Kompyuta

Mpendwa mshauri wa gazeti,

Naomba msaada wako, na mwandiko wangu usiutazame sana, mimi niliishia darasa la nne, na barua hii ningempa binti yangu Sadia aipige kwa kompyuta ungeona inavyopendeza, lakini yeye ndiye ninayemficha.

Sisi ni Waorma wa hapa Garsen, na Sadia ni kifungua mimba wangu. Alimaliza kidato cha nne, akaenda Mombasa miezi sita kusomea kompyuta, akarudi na cheti, mjomba wake akamnunulia kompyuta iliyotumika, na sasa ana chumba chake karibu na soko, anawasha jenereta anawapigia watu barua, mitihani ya shule, kadi za arusi, hata chifu humwita mwalimu na mimi sijawahi kumwambia chifu aache.

Sasa hiyo kompyuta imekuwa nzito. Asubuhi Sadia akiwa peke yake inakwenda vizuri, lakini mchana nikimletea wageni inagoma, na wageni nawaleta karibu kila siku, maana watu wanatoka vijijini Ozi na Hewani, watapitaje Garsen bila kumwona mtoto wangu? Nikifika nao namwambia Sadia afungue vyote, ile picha ya samaki wanaoogelea, na wimbo, na mchezo wa karata, na kadi ya arusi yenye maua aliyompigia binti wa jirani, Nuriya, vyote viwe wazi kwa pamoja, mtu achague pa kutazama. Juzi nilimleta jirani yangu Esha, ambaye mdomo wake haulali, samaki wakasimama, wimbo ukakwama, tukangoja mpaka chai ikapoa.

Esha akasema, "Mama Sadia, mashine yako inacheua."

Sadia akacheka pamoja naye. Mimi sikucheka.

Siku hiyo alikuwepo Barnabas, fundi wa redio na kompyuta anayekuja kutoka Malindi mara moja kwa mwezi. Akainama, akaisikiliza ile mashine kama mtu anayesikiliza tumbo la ndama, akasema, "Mama, hii si mgonjwa, ina njaa tu. Ina memori ya megabaiti kumi na sita. Ongeza ifike sitini na nne, itakimbia." Sadia akasema tungoje kwanza, barua zake zinatoka. Lakini mimi ni mfugaji, ng'ombe akipungukiwa maziwa unamtafutia malisho, hungoji. Na bei aliyoitaja Barnabas ni ya mtamba mzima.

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ndama wa kitovu, na uzao wote wa ndama huyo ni wa mtoto, baba hagusi, mama hagusi. Wengine wasichana hawawapi, lakini mimi nilimshikilia mume wangu Adan siku ile ile, kitovu cha mtoto hakijakauka, mpaka akatoa. Ng'ombe wa Sadia walifika saba. Mafuriko ya Elnino na maradhi yaliyofuata yakawamaliza, akabaki mtamba mmoja tu ambaye hajazaa bado, mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Sadia anajua yuko malishoni na mdogo wake wa kiume. Hayuko. Nilimtoa kimya kimya nikamficha kwa dada yangu, na Mohamed, mfanyabiashara wa mifugo, atampitia baada ya Idi, bado miezi miwili, ampeleke sokoni Madogo.

Nimejiambia ni kwa faida yake mwenyewe, si kwamba nitakula mimi. Lakini raha sina. Majuzi aliniuliza, "Mama, yule mwekundu ameshika mimba?" Nikasema inshallah, nikaenda kuchota maji na mtungi umejaa.

Niambie basi, memori ikiongezwa inasaidia kweli, au nitakuwa nimeuza bure? Jina langu na la Sadia liandike kwa herufi kubwa, watu wa Hola na Lamu wajue, ila hayo ya mtamba usiyatoe.

MAMA SADIA, GARSEN

Mama Sadia,

Hongera kwa binti. Ishike vizuri hiyo hongera, kwa sababu baada yake sina tamu nyingi.

Nimemuuliza fundi anayetunza kompyuta za hapa gazetini. Memori ni kama uwanja ambapo kompyuta hutandaza kazi inayofanya wakati huo. Ukifungua mambo mengi pamoja, uwanja mdogo hujaa, nayo huanza kupeleka vitu ghalani na kuvirudisha, ndipo inapokuwa nzito. Hapo kuongeza memori kunasaidia, tena sana. Lakini kwa barua moja, hiyo kumi na sita inatosha. Ukiweka sitini na nne barua haitatoka mapema zaidi, maana vidole vinavyoipiga ni vile vile.

Sasa soma tena barua yako. Asubuhi inakwenda, mchana inagoma. Ni nini kinachoingia mchana, Mama Sadia? Ni wewe. Barnabas hakusema uongo, aliikuta imebebeshwa samaki, wimbo, karata na maua ya Nuriya kwa mkupuo. Ng'ombe aliye kwenye nyasi tele, ukimkamua mara kumi kwa siku ili wageni waone, maziwa yakikatika hutazilaumu nyasi.

Na mtamba. Baba hagusi, mama hagusi: maneno hayo ni yako. Umemlinda Sadia dhidi ya mkono wa baba yake miaka yote hii, kisha mkono uliogusa ukawa wako. Unasema ni kwa faida yake. Faida ya mtu mzima huulizwa mwenyewe, naye alishajibu: tungoje.

Najua ni mapenzi. Mama asiyempenda binti hamshikilii mume siku ya uzazi. Lakini hata mapenzi hubisha hodi.

Fanya hivi. Mpelekee Mohamed habari kwamba hakuna mnyama wa kuchukua. Mrudishe mtamba malishoni, kisha mwambie Sadia yote, na Esha asijue kabla yake. Akikasirika, mwache akasirike. Wageni endelea kuwaleta, lakini waone jambo moja tu, Sadia akipiga barua, kwa sababu samaki hata Ozi wapo. Baada ya mwezi, yeye mwenyewe akiona kazi yake inataka memori, atajua atoe nini.

Umeomba jina litoke na mtamba afichwe. Siwezi kuchapa upande mmoja wa barua. Ndiyo maana jibu hili nilikutumia kwanza kwa posta, wiki tano zilizopita, nikakwambia kama hutaki litoke uniandikie. Hukuandika, nami nadhani umeshamwambia Sadia.

Na kama hukusema, basi wewe Sadia unayesoma hapa: zima jenereta msikilizane, mpe mama yako kiti, kisha muulize mtamba yuko wapi.