Kiti cha Pikipiki ya Babu Yako

Mujukuu wangu Amisi,

Hapa Kalemie tuko wazima. Shangazi yako amejifungua mutoto musichana, na ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, wamerudi kwa wingi sokoni.

Umenitumia picha ya pikipiki unayoitengeneza huko Lubumbashi, ukauliza kama ni nzuri. Ngoja nikujibu.

Babu yako, wakati ananichumbia, aling'oa kiti kirefu cha pikipiki yake akaweka kifupi, chenye mukia uliochongoka. Mutaa muzima ulitoka kuangalia. Akanikuta njiani natoka ziwani, karai la samaki kichwani.

"Panda twende," akasema.

"Nikae wapi?"

Akageuka kuangalia nyuma yake, akaona ule mukia tu. Mimi nikaendelea kutembea. Akazima mashine, akaisukuma kando yangu hadi kwetu, jasho likimutoka.

Juma lililofuata akarudi na kiti kirefu, amekichomelea kwa vyuma vya kitanda, kibaya kweli. Nikakifunika kwa kitenge changu. Njo hicho tulichoendea harusi yetu.

Yako inang'aa, mujukuu wangu. Nimeigeuza picha huku na huku, nikitafuta mahali pa muntu wa pili. Ukishapaweka, uje naye huyo muntu nimuone.

Miye, mama wa baba yako