Msonge Niliomjengea Mama Amegoma Kuuingia

Bi Mastura mshauri wetu, shikamoo. Nisaidie, waitu, ndugu yetu, kabla kijiji chetu chote cha Izigo hakijanicheka. Nina miaka hamsini na mbili na kitambi cha kutosha, na mama yangu mzazi amegoma kuingia kwenye nyumba niliyomjengea, maana niliona kila kibanja cha migomba kijijini kimejaa nyumba za bati nikasema mimi nitamjengea msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi kama ya babu, ila wa kisasa, kuta za tofali za kuchoma, dari ya matete, nyasi kuanzia kileleni, chini marumaru nyeupe, na fundi Protase akanisifu, wapita njia wakapiga picha, nikavimba kichwa. Siku ya kumkabidhi ufunguo mama akasimama mlangoni: "Datius, bati zimeisha dukani?" Nikamwambia huu ndio utamaduni wetu. Akasema, "Utamaduni nimelala ndani yake ukinivujia. Tena zamani nyasi zilikuwa juu na chini, za chini ndizo wageni walizikalia. Wewe umeweka barafu!" Akarudi kulala kwenye jiko lake la zamani, alikohamia tulipobomoa nyumba yake ya kwanza, na Jumanne ya wiki ijayo ni zamu yake kupokea jumuiya kwa sala, ila amemwambia mwenyekiti, Mama Anatolia, wamruke kwa sababu hana nyumba. Hajawahi kurukwa tangu nizaliwe. Mimi mwenyewe, nikiri tu, naishi mjini, Bilele, chini ya bati na dari ya jipsamu. Je, nimwombe padre amlazimishe?

Datius, Bilele

JIBU

Marahaba, Datius. Pole sana, ingawa nimecheka hadi chai ikapoa. Padre mwache na misa zake.

Msonge wako sina ugomvi nao. Tofali za udongo wetu, matete, ubaridi mchana wa jua kali: umefikiri vizuri. Ila ulimuuliza fundi, ukawauliza wapita njia kwa picha zao, mwenye nyumba ukampelekea ufunguo tu. Utamaduni unaupenda sana, baba, mradi alale ndani yake mtu mwingine!

Halafu husikilizi. Mtu asiyeutaka msonge hawezi kukosoa sakafu yake. Mama amekupa somo zima pale mlangoni, wewe ukasikia matusi. Anaogopa kuvujiwa, na anaogopa wenzake wapige magoti kwenye kitu cha baridi kinachoteleza. Hayo ni mambo mawili, na yote yana dawa.

Jumamosi nenda Izigo. Usiende na Protase, usiende na simu ya kupigia picha. Kaa kwenye kigoda jikoni kwake, useme, "Mama, nilijenga bila kukuuliza, nisamehe." Kisha funga mdomo, najua itakuwa kazi. Akitaka bati juu ya chumba cha kulala, weka bati. Sebule ibaki na nyasi zake. Akitaka bati nyumba nzima, panda mwenyewe ukazishushe hizo nyasi. Na akikubali kuingia, muulize nyasi za kutandika chini zinakatwa wapi na zinapangwaje, uzikate kwa mikono yako, yeye akusahihishe mbele ya Mama Anatolia na jumuiya yote. Utaaibika kidogo. Vumilia, mama ameshaaibika wiki nzima.