Miche Mifupi ya Himo

Alhamisi, Machi 1996

Nina hasira. Leo mwalimu wa kilimo kaja kwenye kitalu cha shule, akasema, "Ng'oeni miche mifupi yote. Tutapanda mirefu tu."

Mirefu yote ni watoto wa mti mmoja wa mringaringa, ule wa karibu na ofisi yake! Mifupi ni ya mbegu nilizookota mimi kule Himo, chini ya miti sita ya aina hiyohiyo, iliyozoea ukame. Inachelewa kurefuka kwa sababu inashusha mizizi kwanza. Mvua zikigoma, hiyo mirefu yake ya mama mmoja itakauka yote kwa pamoja.

Rafiki yangu Aichi akaninong'oneza, "Mwambie basi, bubu wee!"

Kwenye mtihani ningejaza kurasa mbili kueleza haya, tena kwa Kiingereza. Leo nimesema, "Ndiyo, mwalimu."

Na mche wa kwanza niliung'oa mimi.